Mtu Aliyekata Vifo

Kabla sijasema ubaya wake nitasema uzuri wake, maana nikianza na hasira sitamaliza hata ukurasa mmoja. Alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na saba. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha: upande huu mimi na cherehani yangu, upande ule yeye na sinema yake, katika mtaa wa juu wa Butembo ambako vumbi la kiangazi halina huruma na nguo nyeupe. Jina la ubatizo analo, lakini hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Operatere, kwa kuwa ujanani aliendesha mashine ya sinema ya mapadri, na mapadri walipoachana na mambo ya sinema, yeye hakuachana nayo. Siku hizi hatusalimiani. Nitaeleza kwa nini, na wala si kwa sababu ya kelele.

Jambo ambalo lazima ulijue mapema ni kwamba mume wangu Kambale alikuwa dereva wa lori. Alipakia viazi Alimbongo na vitunguu Kirumba, akavishusha Butembo au Beni. Miaka miwili na miezi miwili iliyopita, lori tano zilitoka Beni asubuhi kurudi huku, na mbili ndizo zilizofika. Zile tatu zilishambuliwa njiani zikachomwa. Watu wengine waliuawa, wengine wakapelekwa msituni, na kila baada ya miezi kadhaa mmoja wa hao waliopelekwa hutokea, amekonda, yuko hai. Kwa hiyo nilingoja. Wakwe zangu wa Vuhovi walitaka tufanye matanga, nami nikakataa, na ugomvi huo ndio uliotawala nyumba yangu wakati wote huo.

Sasa nirudi kwa Operatere.

Filamu mpya hakuzitaka kabisa. Alisema waigizaji wa sasa wanakimbia mno na hawajui kuvua kofia. Kila Jumapili baada ya Misa ya pili alionyesha za zamani, zile ambazo rangi yake imekwisha na sauti yake inakwaruza, na watu walijaa. Si vijana. Walikuwa wazee wa suti moja, akina mama waliovaa kikwembe cha sikukuu, wafanyabiashara wa Kiislamu waliokuwa wamefunga maduka kwa saa mbili, madereva, walimu waliostaafu. Walikuwa wameziona filamu zile mara ishirini, mara thelathini. Walijua ni lini farasi atajikwaa na ni lini yule mwanamke atageuza shingo, na shingo ilipogeuka ukumbi mzima ulishusha pumzi.

Majina ya kweli ya waigizaji hatukuyajua wala hatukuyahitaji. Mmoja, mpanda farasi mwenye alama ya kisu shavuni, alikuwa Kovu. Yule mwanamke wa Kihindi mwenye macho makubwa alikuwa Shemeji, kwa kuwa nusu ya wanaume wa Butembo walidai wamechumbia kwao. Picha zao, zilizokatwa kwenye magazeti ya kale, zilijaa ukuta mmoja chini ya plastiki, na Operatere alizifuta vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa nilichompa mimi, mabaki ya gauni la harusi. Mgeni akiuliza hao ni nani, alijibiwa ni wa familia. Mume wangu alikuwa mshabiki wa Kovu. Jikoni kwangu aliingia kwa kuvua kofia polepole, kwa vidole viwili, na mimi nikijua kabisa kwamba ni upuuzi nilicheka kila mara.

Lugha ya filamu hizo hakuna aliyeielewa, kwa hiyo Operatere alitafsiri mwenyewe kwa maikrofoni. Nasema alitafsiri kwa heshima tu. Sidhani kama alielewa neno moja katika matatu. Kovu akichelewa kufika kumwokoa mchumba, maikrofoni ilitueleza kwamba amekwama kwenye matope ya Alimbongo. Shemeji akilia, tuliambiwa mama mkwe wake amemnyima mboga ya sombe. Hata pale alipokosa la kusema hakunyamaza, alipiga mluzi. Nilisikia yote kupitia ukuta huku nikishona, na kuna mapindo ya suruali za watu humu mjini yaliyokwenda kombo kwa sababu nilikuwa nacheka.

Halafu kulikuwa na ile sheria yake.

Miaka ya vita, kabla mimi sijahamia pale, alionyesha filamu ambamo Kovu anapigwa risasi darajani na kufa mikononi mwa rafiki yake. Kwenye benchi la mbele alikaa mama mmoja aliyekuwa amezika watoto wawili wiki ileile. Jirani zake walikuwa wamemleta ili apumzike kidogo. Kovu alipofumba macho, mama yule alipiga ukelele, na baada yake ukumbi wote ukalia, kila mtu akilia wake. Operatere aliwasha taa. Alipobaki peke yake alichukua mkasi, akakata kipande kile cha utepe, na tangu siku hiyo hakuna aliyekufa katika ukumbi wake. Kanda za video zilipokuja aliacha mkasi, akakata kwa kidole kwenye kitufe. Shujaa anafika darajani, bunduki zinainuliwa, maikrofoni inakohoa mara moja, taa zinawaka. Mwisho. Watu walitoka wakizungumza juu ya mambo ambayo Kovu atafanya upande wa pili wa mto.

“Mu salle yangu acteur hapana kufa,” alisema. “Batu banaona lufu mingi kule inje.” Kwake, vifo vya huko nje vilitosha.

Kwa miaka mingi mji wetu uliamini kwamba filamu ndivyo zinavyokwisha. Kisha akaja mwalimu mmoja kutoka Kinshasa, mtu wa kujua mambo, akasimama katikati ya mabenchi na kutangaza kwamba Kovu anafia darajani, yeye ameona kwa macho yake. Walitaka kumpiga. Mzee mmoja muuza baiskeli alimshika tai na kumuuliza ana ushahidi gani. Wote wakamgeukia Operatere, na yeye akamjibu mwalimu kwa upole kabisa kwamba huenda aliona nyingine inayofanana. Mwalimu alihamia Beni baadaye. Sisemi ni kwa sababu hiyo, lakini hakukaa.

Ungedhani basi kwamba mtu kama huyo anakiogopa kifo. Hapo ndipo aliponichanganya akili. Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba Shemeji amefariki kwao India, bibi kizee mwenye wajukuu. Operatere alifunga sinema siku tatu. Alitoa mabenchi nje, akawasha moto uani, akakaa chini bila viatu. Siku ya kwanza watu walipita wakicheka. Lakini kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kufikia jioni ua ulikuwa umejaa. Kambale alileta gunia la makaa. Mimi nilipika chai katika sufuria ya harusi. Padri aliyekuwa akipita aliuliza nani kafa, akaambiwa ni shemeji yetu wa India. Alifikiri kidogo, akaketi, akapewa kikombe. Siku ya tatu wazee walizungumza kila mmoja juu ya marehemu, jinsi alivyogeuza shingo, jinsi alivyotembea kwenye mvua, na nimehudhuria matanga ya watu wa hapahapa ambayo hayakuwa na maneno mazuri kama yale.

Nilimuuliza Operatere kwa nini, ikiwa kwenye filamu anawakata wasife. Alinieleza kwamba filamu ni yake na anaipanga apendavyo. Mtu aliyekufa kweli lazima aliliwe, kwa sababu asipoliliwa anabaki njiani. Aliyasema hayo bila kusita.

Na kwa sababu aliyajua mambo hayo, mtaa ulimpa kazi nyingine. Kwetu habari ya kifo haifikishwi mlangoni na yule aliyetoka nayo njiani. Msafiri huipeleka kwa mzee wa mtaa, na mzee ndiye anayejua saa na maneno. Mzee wetu alikuwa Operatere. Nilimwona akiifanya kazi hiyo mara sita au saba. Aliingia, akaomba maji, akanywa, akasema, “Kaa kwanza.” Hakuna mtu wa mtaa wetu asiyejua maana ya maneno hayo mawili. Alikuwa hodari. Hakuzunguka, hakupamba, na alibaki hadi mtu wa kwanza wa ukoo afike.

Kwa hiyo utanielewa nikisema kwamba baada ya zile lori tatu kuchomwa, nilikuwa namtazama Operatere kuliko nilivyotazama barabara. Habari ingekuja, ingepitia kwake. Kila asubuhi nilisikia akifungua mlango wa ukumbi, nikashika sindano bila kushona, nikahesabu hatua zake. Zikienda kisimani, nilipumua. Zikija kwangu, niliendelea kuhesabu mpaka aliponisalimu kwa habari ya mvua au bei ya vitunguu. Siku zikawa miezi. Alikuja akatengeneza bawaba ya mlango wangu, alileta mahindi, aliwafundisha wanangu kupiga mluzi. Hakusema nikae. Nilikuwa nikiwaambia wakwe zangu: Operatere yupo, hana habari, basi habari haipo. Nilimuuliza mara nyingi kama anaona nifanye matanga au la. Alijibu vilevile kila mara.

“Tungoje, Masika. Tungoje.”

Nikangoja. Baba mkwe wangu, mzee mpole ambaye hajawahi kuniinulia sauti, alishuka kutoka Vuhovi mara tatu. Alisema mtoto wake haji ndotoni akiwa mkavu, anakuja ameloa kama mtu aliyelala njiani mvuani. Alisema wanangu hawawezi kukua na baba ambaye hayuko huku wala kule. Shemeji zangu hawakuwa wapole hivyo. Walisema nina kichwa kigumu, na mmoja alisema labda namngoja mwanaume mwingine. Nilimfukuza na mkasi wa kushonea mkononi. Mara ya mwisho wakaniwekea siku. Jumapili watakuja wote, na kama sina habari mpya watafanya matanga Vuhovi, pamoja nami au bila mimi, na watoto watanyolewa nywele.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa Operatere. Nilitaka aje kukaa upande wangu. Nilifikiri, nani atanitetea kama si mtu ambaye hajaruhusu hata mzungu wa kwenye filamu afe?

Nusu ya ukumbi siku hizi ni ghala. Vitunguu vya Kirumba vilikuwa vimepangwa kwa magunia hadi dirishani, na harufu yake inaingia machoni. Alikuwa mbele ya picha zake na kile kitambaa. Nilimweleza bila kupumzika: kesho wanakuja, watawanyoa watoto, yeye ni mzee wa mtaa, neno lake watalisikia.

“Papa, ukuje tu useme hakuna habari. Donc banipe tena mwaka moja.”

Aliendelea kufuta. Alifuta picha moja mara nne, ileile. Kisha akakunja kitambaa, akaenda kwenye ndoo, akachota maji, akanywa kikombe chote akiwa amenipa mgongo. Hapo mwili wangu ulijua kabla yangu.

“Kaa kwanza, Masika.”

Sikukaa. Nilimwambia sitakaa. Nilishika gunia la vitunguu kwa mikono miwili na kumwambia aseme hivyohivyo nikiwa nimesimama.

Akasema anajua tangu siku ya nne. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni, mzee aliyemletea kanda na filamu kutoka mpakani miaka nenda rudi. Mimi pia nilimfahamu, aliwahi kumpa binti yangu muwa. Yeye alikuwa kwenye lori nyuma ya Kambale na alinusurika kwa kulala mtaroni. Siku ya nne alifika Butembo, akampa Operatere habari kama desturi inavyotaka, akalia, na wiki ileile akavuka mpaka kwenda Uganda na familia yake yote. Hakumwambia mtu mwingine, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia yule anayehusika.

“Nilikuja kwako siku ileile,” akasema Operatere. “Nikakuta unacheka.”

Niliikumbuka. Ni kweli nilikuwa nacheka, na mteja mmoja, nikimsimulia jinsi Kambale atakavyorudi na ndevu hadi kifuani kama Mtume Petro. Operatere alisimama mlangoni akaomba maji. Nilimpa. Akanywa, akasema jua ni kali, akaenda. Alinieleza kwamba mdomo ulikataa. Alijiambia atasema kesho, na kesho nilikuwa nimelipiga pasi shati la Kambale, na keshokutwa alirudi mtu mmoja kutoka msituni na mimi nikacheza ngoma barabarani. Kila siku ilipopita ilikuwa vigumu zaidi kuliko ile ya nyuma.

“Nikakata,” alisema. “Sawa vile nazoeaka. Nikasema nitamuachia raha kidogo.”

Sijui kama umewahi kumkasirikia mtu ambaye unampenda. Ni moto usio na mahali pa kutokea. Nilifikiria miaka miwili ya kuhesabu hatua zake. Nilifikiria baba mkwe wangu akipanda kilima cha Vuhovi mara tatu, akirudi mikono mitupu, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia kwamba Operatere hana habari. Nilitaka kuzing’oa picha zote ukutani na kuzitia motoni. Mikono yangu ilibaki kwenye gunia.

“Mimi hapana filme, Papa,” nikamwambia. “Na bwana yangu hapana filme. Sema yote. Usikate.”

Akasema. Alisimulia akitazama sakafu, bila mluzi na bila Alimbongo, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akisimulia jambo kama lilivyo. Kambale alipigwa tumboni. Alijikokota hadi kwenye kivuli cha lori iliyokuwa haijashika moto. Washambuliaji walikuwa wameondoka, na yule mzee wa Beni alitoka mtaroni, akamwekea koti lake chini ya kichwa, akakaa naye. Aliishi hadi karibu na adhuhuri. Alikuwa na kiu. Watu wa kijiji cha karibu walimzika pamoja na wengine wawili kando ya barabara, chini ya miparachichi, wakaweka mbao tatu. Yule Mwislamu aliwasomea dua yake, kwa kuwa padri hakuwapo, na akaomba radhi kwa Operatere kama alikosea.

Niliuliza kama aliongea. Operatere alisema aliongea kidogo, akaulizia lori, akataja bidhaa. Kisha akakohoa mara moja.

Kikohozi hicho nimekisikia kupitia ukuta kwa miaka kumi na saba. Nilikwenda nikasimama mbele yake, karibu kabisa, mpaka akalazimika kuniangalia.

“Hapana,” nikasema. “Endelea.”

Machozi yalikuwa yamemjaa, na namwambia Mungu kweli, wakati ule hayakunigusa. Akaendelea.

“Alimushika yule Mzee mukono. Akasema: Mumuambie Masika asiningoje.”

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nilimwambia arudie tena, na safari hii nikakaa.